SOMO LA WIKI: MIKONO YA MUSA ILIPOKUWA MIZITO

Andiko kuu: Kutoka 17:8–13
Soma pia: Yohana 9:1–3, 2 Wafalme 20:1–7, Kutoka 18:17–18

Mchungaji ameniomba nifundishe juu ya kumtunza mwenzi wa ndoa aliye mgonjwa, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mzee wangu ana ugonjwa unaoitwa miastenia gravisi. Wengi hapa Awendo hamjawahi kusikia jina hilo, basi tuanzie hapo.

1. Ujue ugonjwa wenyewe
Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, inageuka na kushambulia mahali mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Ubongo unatuma habari, lakini msuli hauipokei vizuri. Msuli ukitumika sana unalegea; ukipumzika, nguvu zinarudi kidogo. Hauambukizi.

Asubuhi mzee wangu anatembea mpaka sokoni. Jioni kope zimeanguka, anaona watu wawili mahali pa mmoja, maneno yanatokea puani na chakula hakishuki. Watu husema, "Si tulimwona asubuhi? Huyu anajifanya." Walimwona kweli, na jioni hawezi kweli.

2. Usiulize nani alitenda dhambi
Kwetu ugonjwa usioeleweka huitwa chira, au wanasema amerogwa. Wanafunzi wa Yesu waliuliza vivyo hivyo juu ya yule kipofu: ni yeye aliyekosa, au wazazi wake? Yesu alikataa yote mawili. Ukija kwa mgonjwa na swali hilo mdomoni, unamwongezea mzigo wa pili juu ya ule alio nao.

3. Tafuta jiwe
Mikono ya Musa ilipokuwa mizito, Haruni na Huri hawakumwambia aongeze imani. Walitafuta jiwe akae, kisha wakashika mikono yake, mmoja huku na mwingine huku, mpaka jua likatua. Vita vikashindwa na Yoshua kule chini kwa sababu kuna watu walifikiria jiwe.

Nyumbani kwangu jiwe ni vitu vidogo. Tembe zake nampa kwa saa, nusu saa hivi kabla ya chakula, ili ameze vizuri. Chakula kizito anakula asubuhi. Jioni ni uji, au samaki laini aliyetolewa miiba. Anakula ameketi wima na hatumsemeshi akiwa anatafuna. Kazi za nje anamaliza kabla ya jua kali, kwa maana joto linamlegeza.

Kanisani, jiwe ni kiti. Tukisimama kwenye sifa, mwacheni akae. Akiombewa, msimsukume.

4. Maombi na dawa hukaa meza moja
Mtu mmoja alikuja kutuombea, akasema kope hizo ni pepo wa usingizi, aache tembe afunge siku tatu. Mzee wangu akamjibu kwa ile sauti yake ya puani, "Mtumishi, niombee, lakini tembe zangu ziache hapo."

Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Mgonjwa wa namna hii asiache dawa wala asifunge bila kuongea na daktari.

Tena sikilizeni sana, kwa sababu huku kwetu malaria haituishi. Kwinini, sindano ya jentamaisini na tembe za siprofloksasini zinaweza kumzidishia udhaifu mtu wa ugonjwa huu. Usimkimbilie kemisti ukanunua tu. Jina la ugonjwa wake liandikwe kwenye karatasi, likae mfukoni mwake, na kila mhudumu wa afya alione kwanza. Na akianza kuhema kwa shida au kushindwa kumeza mate, hiyo si ya kungoja kesho. Ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, huku tukiomba njiani.

5. Anayeshika mkono naye huchoka
Yethro alimwona Musa akifanya yote peke yake, akamwambia atachoka kabisa. Mke au mume anayeuguza hapendi kuomba msaada; anaona aibu. Msimwambie, "Ukihitaji kitu utuambie." Njoo na mtungi wa maji. Kaa na mgonjwa saa mbili, mwenzake alale. Madaktari wa mishipa ya fahamu ni wachache na wengi wako Nairobi, kwa hiyo nauli nayo ni mkono wa kushikwa.

Mzee wangu hajapona. Bado naomba apone, na bado naweka saa ya tembe. Sioni vita kati ya hayo mawili.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
1. Ni nani katika kikundi chetu ana ugonjwa usioonekana kwa macho?
2. Wiki hii jiwe lake ni nini, na nani atalipeleka?

Ombi: Bwana, tupe macho ya kuona mikono iliyochoka, na utufanye Haruni na Huri kwa jirani zetu. Katika jina la Yesu, Amina.