Bunduki ya Kijerumani: Nani Aliitengeneza, Nani Aliiuza?

Swali: Mtengenezaji wa bunduki kongwe ya kuwindia, iliyorithiwa na ukoo mmoja wa Rumonge, Burundi, na kudhaniwa kuwa ya enzi za Wajerumani, anaweza kutambuliwaje?

Jibu: Jina lililochongwa juu ya mtutu lisichukuliwe haraka kuwa la fundi, kwa kuwa mara nyingi ni la mfanyabiashara aliyeagiza bunduki kutoka karakana za Suhl, Zella au Mehlis huko Ujerumani, ambako mafundi waligawana kazi za mitutu, vifyatulio na vitako. Ushahidi wa kuaminika zaidi umo chini ya mtutu, kwenye mihuri ya majaribio yaliyolazimishwa na sheria ya Ujerumani ya mwaka 1891: taji juu ya herufi U huthibitisha ukaguzi, G huonyesha mtutu wenye mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, na S mtutu wa marisau. Hata hivyo, kwa kuwa Wabelgiji waliitwaa Urundi (Burundi ya leo) kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, huenda bunduki ililetwa nao: herufi ELG ndani ya umbo la yai zikionekana, silaha hiyo ilijaribiwa Liège, Ubelgiji. Kabla ya yote polisi waarifiwe, na mtaalamu ahakikishe kwamba haina risasi, kwani uhai wa wanaukoo una thamani kubwa kuliko historia yoyote.