Deni la Zamani na Kibali cha Siri za Serikali

Swali: Mimi ni Mkenya niliyepata uraia wa Marekani. Kazi niliyoomba inahitaji kibali cha kuona siri za serikali, lakini miaka minne iliyopita nilishindwa kulipa kadi za benki. Je, nimeshakosa?

Jibu: Si lazima, ndugu yangu. Deni pekee halimwangushi mtu. Kinachopimwa ni namna alivyolishughulikia. Mwongozo wa kutoa vibali unaotumika tangu Juni 2017 unahofia kwamba aliyeelemewa na madeni atashawishika kutafuta fedha kwa njia haramu. Hofu hiyo ina msingi: Aldrich Ames wa CIA alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985, akiwa amebanwa na madeni. Hata hivyo, mwongozo huohuo unazingatia kupoteza kazi, ugonjwa na talaka, mradi baadaye uliwajibika. Risiti za malipo ya miezi mingi zina uzito kuliko ahadi uliyoiandika juzi, baada ya kuhojiwa.

Wapo watakaokushauri unyamaze, eti benki imeshalifuta deni vitabuni mwake. Ushauri mbaya kabisa. Fomu ya kuombea kibali, SF-86, inauliza habari za fedha za miaka 7 iliyopita, na wachunguzi wataisoma historia yako ya mikopo hata usipoitaja. Kuficha kwa makusudi ni kosa la jinai, tena huzua shaka juu ya uaminifu wako, na shaka hiyo haiondoki kwa risiti. Ukiijaza fomu hiyo, usisahau fedha unazowatumia jamaa Kenya ambao si raia wa Marekani; nazo zina swali lake.