Usivianze Peke Yako, Usiviache kwa Ghafula: Somo Juu ya Vidonge vya Predinisoloni

Somo letu ni juu ya vidonge vidogo ambavyo wengi wenu mmevipata hospitalini, na wengine mmevinunua sokoni bila kujua jina lake. Jina lake ni predinisoloni. Iko na ndugu yake mwenye nguvu zaidi, anayeitwa deksametasoni. Ni dawa njema sana, nayo imeokoa watu wengi. Lakini ina desturi yake, na asiyeijua anaweza kuingia katika hatari ya kufa. Desturi yenyewe ni fupi, hata mtoto ataishika: usivianze peke yako, wala usiviache kwa ghafula. Soma polepole, na kama nyumbani mwako yuko mtu asiyejua kusoma, umsomee.

1. MAMA ALIYEDHANIWA AMEPEWA SUMU

Mama mmoja wa vijiji vya huku kwetu Lulimba aliona mwili wake umekonda. Wenzake walimcheka. Mchuuzi mmoja wa dawa akamwuzia vidonge katika karatasi, akamwambia, «Meza hivi, Mama, utapata hamu ya bugali, na mashavu yatajaa.» Naye alimeza kila siku, kwa muda wa miezi mitano. Mashavu yalijaa kweli. Watu walimsifu wakasema, «Sasa mume wako anakutunza.»

Kisha mvua kubwa zikaharibu barabara, mchuuzi hakufika, na vidonge vikaisha. Siku ya tatu mama alichoka, hakuweza kuchukua jembe. Siku ya tano alitapika, tumbo likamwuma, na alipojaribu kusimama akaanguka chini. Jioni iliyotangulia jirani yake alikuwa amemletea sahani ya ndagala. Jamaa wakakumbuka sahani ile. Wakasema, «Ni sumu!» Vijana wakashika fimbo, wakaenda mlangoni pa jirani.

Namshukuru Mungu, maana mzee mmoja aliwazuia, akasema, «Kwanza tumfikishe mgonjwa.» Wakambeba kwa kipoyi. Tulimpa maji ya chumvi na sukari kwa mshipa, na sindano ya dawa iliyo jamaa ya vile vidonge vyake. Kesho yake alikaa kitandani akaomba uji. Hapakuwa na sumu. Yule jirani hakuwa na kosa lo lote. Ugonjwa ulitoka katika vidonge ambavyo mama alivianza bila shauri na kuviacha bila ngazi. Kidogo tu, na watu wawili wangekufa: mmoja kwa kukosa kidonge, na mmoja kwa fimbo.

2. KWA NINI HAVIACHWI KWA GHAFULA

Mungu ameweka tezi ndogo juu ya kila figo. Kila siku, zaidi wakati wa alfajiri, tezi hizo mbili hutengeneza kitu kinachoitwa kotisoli na kukitia damuni. Kotisoli hutupa nguvu ya kuamka. Huizuia sukari ya damu isishuke mno, nayo husaidia damu kusukumwa vema. Mtu akipatwa na homa kali, au akivunjika mguu, tezi huongeza kazi yao ili astahimili.

Predinisoloni hufanya kazi iyo hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 5 kinakaribia kazi ya tezi kwa siku nzima. Basi, mtu anapomeza vidonge vinane kwa siku, tezi huona damu imejaa, nazo hulala. Akimeza kwa siku chache tu, huamka upesi. Lakini akimeza kwa muda wa zaidi ya majuma matatu, usingizi wao unakuwa mzito.

Fikiri habari za mwenye shamba aliyeita vibarua wengi, naye akaketi kivulini miezi mingi. Siku vibarua wanapoondoka wote kwa mara moja, jembe lake limeshika kutu na mikono yake imekuwa laini. Magugu hayamngojei. Lakini vibarua wakiondoka mmoja mmoja, atarudi kazini kidogo kidogo, na shamba halitapotea. Ndivyo ilivyo na vidonge hivi.

Angalia jambo la pili: usipime nguvu ya dawa kwa ukubwa wa kidonge. Deksametasoni ya miligramu 0.75 ina nguvu sawa na predinisoloni ya miligramu 5. Kwa hiyo kidonge kidogo cha deksametasoni chaweza kuwa na nguvu ya vidonge vingi vya predinisoloni.

3. DAWA HII ILITOKA WAPI

Mwaka 1948, katika mji wa Rochester, nchi ya Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa mwanamke mwenye baridi yabisi sindano za kotisoni. Viungo vyake vilikuwa vimekaza hata alitembea kwa shida. Baada ya siku chache alitembea vizuri. Watu wa dunia walishangaa, na mwaka 1950 Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa tuzo ya Nobel.

Siku zile dawa ilikuwa ngumu kupatikana. Je, unajua kwamba katani ya Afrika ya Mashariki ilisaidia? Katika miaka ya 1950 kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilitengeneza kotisoni kutokana na kitu kilichopatikana katika takataka za majani ya katani, yale yaliyobaki baada ya kutoa nyuzi za kamba. Predinisoloni ilifuata katikati ya miaka hiyo.

Lakini furaha ilichanganyika na huzuni. Madaktari waliona wagonjwa wamevimba uso, mifupa yao imelegea, na wengine waliacha dawa kwa ghafula wakaanguka. Hivyo walijifunza desturi tunayokufundisha leo.

4. NI NANI ANAYEPEWA

Daktari huitoa kwa mwenye pumu aliyebanwa na pumzi. Huitoa kwa mtoto ambaye mwili umevimba kwa sababu figo zake zinapoteza protini katika mkojo. Huitoa kwa mgonjwa wa ukoma, wakati mishipa yake ya fahamu inapovimba na kuuma. Asipoipata upesi, mkono au mguu unaweza kufa ganzi na kulemaa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba deksametasoni ilipunguza vifo vya wagonjwa wazito waliohitaji oksijeni. Wale wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Wala haikuwa dawa ya kuzuia ugonjwa huo. Unaona? Dawa ni ile ile, lakini mmoja inamfaa, na mwingine haimfai.

5. NAMNA YA KUIMEZA

(1) Meza asubuhi, baada ya kula. Asubuhi ndiyo saa ya tezi zako. Ukimeza jioni, usingizi unaweza kukimbia. Ukimeza bila chakula, tumbo linaweza kuuma.

(2) Meza hesabu uliyoandikiwa. Usiongeze ili upone haraka, wala usipunguze kwa sababu unajisikia vizuri.

(3) Ukisahau asubuhi, meza unapokumbuka siku ile ile. Kama siku imepita, usimeze mara mbili kesho yake.

(4) Usichanganye na aspirini wala ibuprofeni bila shauri. Zikiwa pamoja zinaweza kutoboa tumbo na kutoa damu.

(5) Punguza chumvi na sukari. Kula maharagwe, sombe, samaki, na ndagala pamoja na mifupa yao, maana dawa hii hulegeza mifupa.

(6) Usimpe mtu mwingine vidonge vyako, hata kama ugonjwa wake unafanana na wako.

(7) Usingoje viishe. Kikibaki cha juma moja, rudi hospitalini. Barabara zetu mnazijua: mvua ikinyesha, au vita vikitokea, njia inafungwa. Ukikimbia, chukua vidonge vyako kama unavyochukua mtoto wako.

(8) Tunza karatasi ya hospitali. Ukienda Baraka, au Kalemie, au ukivuka ziwa, mwonyeshe kila daktari. Mwambie hasa kabla ya kupasuliwa au kuzaa. Mama mwenye mimba asiache dawa kwa hofu. Aje aseme, tumwangalie.

6. NGAZI YA KUSHUKA

Mtu aliyepanda mwembe hashuki kwa kuruka. Hushuka tawi kwa tawi. Tazama mfano wa mpango uliotumika sana kwa mtu mzima mwenye ukoma ambaye mishipa imevimba:

Juma la 1 na la 2: miligramu 40 kwa siku.
Juma la 3 na la 4: miligramu 30.
Juma la 5 na la 6: miligramu 20.
Juma la 7 na la 8: miligramu 15.
Juma la 9 na la 10: miligramu 10.
Juma la 11 na la 12: miligramu 5, ndipo mwisho.

Huu ni mfano tu, usiufuate nyumbani. Ngazi ya mtu mwingine yaweza kuwa ndefu zaidi. Mwenye pumu aliyepewa dawa kwa siku tano au saba, mara nyingi humaliza bila ngazi. Anayejua ngazi yako ni yeye aliyekupima.

7. DALILI ZA KUANGALIA

Dawa hii huzima uvimbe, lakini pia huwalaza askari wa mwili. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kuingia bila kelele, na homa ikawa ndogo hali ugonjwa ni mkubwa. Kabla ya kuanza, mwambie daktari kama umewahi kuugua kifua kikuu, kisukari, shinikizo la damu, au vidonda vya tumbo. Kuna pia minyoo midogo inayoingia kwa nyayo za miguu, ambayo huongezeka mno ndani ya mtu anayemeza dawa hii. Kwa hiyo tunaweza kukupa kwanza dawa ya minyoo. Ukikaa karibu na mwenye surua au tetekuwanga, uje utuambie. Kabla ya chanjo yo yote, sema kwamba unameza predinisoloni.

Njoo upesi ukiona haya: kikohozi cha majuma mawili, kiu kubwa na kukojoa sana, choo cheusi kama lami, macho kuona ukungu, uso kuwa mviringo kama mwezi, au mawazo kuchafuka na kukosa usingizi.

Njoo siku ile ile, hata usiku, mgonjwa akitapika vidonge, akilegea sana, akiona kizunguzungu anaposimama, au akizimia. Waambie mlangoni neno hili: «Alikuwa anameza predinisoloni.» Neno hilo moja linaweza kumponya, maana litatuonyesha sindano ya kumpa. Tena mwenye dawa hii akipatwa na malaria au homa nyingine kali, asiache kidonge. Labda tutamwongezea kwa siku chache.

8. VIDONGE VYA KUNENEPA

Katika miji na masoko ya Kongo, watu huuza deksametasoni kwa wale wanaotaka mwili mnene. Mama na binti, sikieni. Unene huo si afya. Ni maji yanayobaki mwilini, na mafuta yanayokusanyika usoni na tumboni, hali mikono na miguu inapungukiwa nyama. Nje unaonekana kama mgeni wa arusi. Ndani mifupa inalegea na tezi zinalala. Vilevile baadhi ya mafuta ya kupaka yanayong'arisha ngozi yana dawa za jamaa hii. Yakipakwa mwili wote kwa muda mrefu, huingia damuni na kufanya madhara yale yale.

Labda wewe unayesoma unavimeza sasa. Usivitupe leo kwa kuona hofu! Njoo kesho na vidonge vyako pamoja na karatasi yake. Hatutakucheka, wala hatutatangaza habari zako kanisani. Tutahesabu miezi, nasi tutakupa ngazi ya kushuka.

9. MAOMBI NA VIDONGE

Wengine, baada ya kuombewa, hutupa vidonge mtoni ili kuonyesha imani. Ndugu, maombi ni mema, nasi tunaomba pamoja na wagonjwa kila asubuhi. Lakini kumbuka Mfalme Hezekia. Aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Hakuna ugomvi kati ya maombi na tini. Ukiamini umepona, njoo upimwe. Kama umepona kweli, tutashuka ngazi pamoja, na tutashukuru pamoja.

Nanyi wazee wa kanisa na wa kijiji, mtu akianguka kwa ghafula, msitafute mwenye sumu kabla ya kuuliza: «Alikuwa anameza dawa gani?» Fungueni sanduku lake, tazameni karatasi, kisha mleteni. Yule mama yuko hai leo. Alishuka ngazi kwa miezi mingi, mashavu yake yamerudi kuwa kama zamani, na hukaa nyumba kwa nyumba na yule jirani aliyemletea ndagala.

MASWALI YA KUJIBU

1. Tezi za kotisoli ziko wapi, nazo hulala kwa sababu gani?
2. Kwa nini tunameza asubuhi baada ya kula?
3. Mgonjwa akitapika vidonge vyake, tufanye nini?
4. Mtu aliyenunua vidonge vya kunenepa na kuvimeza miezi mingi, aviache leo? Kwa nini?
5. Jirani akishitakiwa sumu, swali la kwanza ni lipi?