Kijana Anayengojwa Hakati Tamaa

Leo tuwaangalie vijana wetu wa miaka 13 hadi 18, hasa nyumba inapopatwa na dhiki. Mtoto mdogo hulia njaa, akishiba husahau. Kijana hasahau. Anajua karo haijalipwa, anamsikia mwenye nyumba akigonga mlango, na kimoyomoyo anajiuliza kama kesho yake ipo.

Hapa Kuze tuliyaonja hayo mwaka 2020. Machi shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na nyumba za ibada pia. Mei serikali ikaufunga Mji wa Kale: kwa karibu mwezi mmoja watu walizuiwa kuingia na kutoka. Anayeishi kwa kibarua hakuwa na pa kwenda. Madarasa mengi hayakufunguliwa hadi Januari 2021. Kijana asiye na shule wala kazi hakosi wa kumwita kichochoroni, na anayeuza unga hana haraka.

Wazazi wengi humwambia, "Omba tu, Mungu yupo." Ni kweli, lakini kijana hutazama kwanza kama sisi wenyewe tunaishi hivyo. Tusome Kitabu cha Tobiti, sura ya 2 hadi ya 11.

Tobiti amepofuka. Mkewe Ana anafuma kwa ujira. Siku moja anaongezewa mwana-mbuzi. Mumewe anashuku ameibwa, wanagombana. Je, si hivyo kwetu mfuko unapokauka? Lakini Tobiti anamlilia Mungu uchungu wake bila kuuficha. Kisha anamwita mwanawe Tobia, anamweleza kuhusu fedha aliyoiweka mbali, anamwagiza amheshimu mama yake na kuwasaidia maskini, na kumtuma akailete. Malaika Rafaeli anafuatana naye. Na Ana? Kila siku anakaa akiitazama njia.

Hapo ndipo penye somo. Tumaini la kijana hukua anapojua kuna anayemngoja. Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudan alitekwa utotoni, akauzwa mara kadhaa, akapigwa na kuchanjwa mwili. Alibatizwa Italia mwaka 1890, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake juu ya tumaini wa mwaka 2007, alieleza kwamba Bakhita alipata tumaini alipotambua kuwa anapendwa, na upendo huo unamngoja. Makovu hayakufutika, alijua tu kuwa si mtu wa kutupwa.

Basi tufanye nini?

1. Semezaneni kwanza ninyi wawili. Msilaumiane juu ya pesa mbele ya kijana.

2. Mwambieni ukweli wa hali ya nyumba. Anayefichwa huwaza mabaya zaidi.

3. Salini pamoja, hata dakika tano. Jirani zetu Waislamu hawaoni haya kuitikia adhana. Nasi tusione haya kupiga magoti. Itajeni shida yenyewe, na shukrani pia.

4. Mpeni kazi ya maana, kama kumtekea maji mzee wa jumuiya. Anayehitajika hajioni bure.

5. Mngojeni. Akichelewa, neno la kwanza lisiwe tusi. Mwekeeni chakula, kisha mwulizeni.

Mkiona halali, hali, anajitenga au anasema heri afe, msiseme ni utundu. Mpelekeni kwa daktari au mshauri upesi, huku mkisali. Hata Rafaeli alimwagiza Tobia atumie nyongo ya samaki kuwa dawa ya macho ya babake.

Maswali ya kuzungumza usiku huu: Mtoto wetu husikia nini tukizungumza juu ya pesa? Akirudi nyumbani, anajua kuwa alikuwa akingojwa?

Mungu azibariki nyumba zenu.