Laptopu Imekuwa Nzito? Tafuta Sababu Kwanza, Ndipo Ulipe

Laptopu ikianza kuchukua dakika kumi kuwaka, wengi hufanya mojawapo ya mambo mawili. Kuna anayeibeba moja kwa moja hadi kwa fundi, na kuna anayetafuta mtandaoni programu ya "kuongeza spidi" na kupakua ya kwanza anayoiona. Njia zote mbili zinaweza kukula pesa na shida ibaki palepale. Katika somo hili tunakuonyesha jinsi ya kujua tatizo liko wapi, ni yapi unaweza kurekebisha mwenyewe bila kulipa chochote, na jinsi ya kulinda pesa zako ukiendelea.

Huenda ukauliza: kampuni ya malipo inahusika vipi na laptopu? Ni kwamba wateja wetu wengi wa biashara hawatumii simu peke yake siku hizi. Stetimenti ya mwezi hufunguliwa kwenye laptopu, hesabu za chama hupangwa huko, na ritani za KRA, ambazo mwisho wake ni tarehe 30 Juni, hujazwa huko pia. Mashine ikiganda katikati ya kazi kama hizo, mtu hushikwa na haraka. Na haraka ndiyo tapeli anaingojea.

Chukua mfano wa mama anayenunua omena na mbuta kisiwani Takawiri, Kaunti ya Homa Bay. Anawalipa wavuvi kwa simu asubuhi, kisha jioni anaandika kwenye laptopu nani amelipwa na nani bado. Akitaka fundi wa kufungua mashine, huenda akalazimika kupanda boti hadi Mbita, alipe nauli ya kwenda na kurudi, na biashara ya siku nzima isimame. Kwake yeye, dakika 30 za kuchunguza mashine nyumbani ni pesa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Je, ni laptopu au ni mtandao?

Zima Wi-Fi, kisha fungua faili iliyo ndani ya laptopu, kwa mfano daftari lako la hesabu. Ikifunguka haraka na kuandika ni sawa, basi mashine haina neno. Kinachosumbua ni mtandao, na hakuna fundi wa laptopu atakayekusaidia hapo. Ikichelewa hata bila mtandao, endelea na hatua zinazofuata.

Ukitumia hotspoti ya simu, kuna jambo moja la kuangalia. Windows hupakua masasisho yake kimyakimya, na hayo hula bando na kupunguza kasi ya mengine yote. Fungua Settings, ingia Network & internet, chagua ile Wi-Fi ya simu yako, kisha washa Metered connection. Mashine itaacha kupakua masasisho mengi yenyewe. Usisahau tu kuyapakua siku utakapofika mahali penye mtandao mzuri, maana masasisho ndiyo yanayoziba mianya ya usalama.

2. Bonyeza Restart

Kufunika laptopu si kuizima. Huwa imelala tu. Na hata ukichagua Shut down, Windows mara nyingi huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake haraka kesho yake, kwa hivyo uchovu wa jana unarudi nao. Restart ndiyo huanza upya kabisa. Kama hujafanya hivyo kwa wiki kadhaa, fanya sasa kabla ya jambo lingine lolote.

3. Uliza mashine yenyewe

Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Angalia safu tatu: CPU, Memory na Disk. Ukibofya jina la safu, programu inayotumia nguvu nyingi itapanda juu ya orodha.

Ukiona Memory iko juu ya asilimia 85 na umefungua vitu viwili vitatu tu, basi RAM ni ndogo kwa kazi yako, au kuna programu inayoimeza. Ukiona Disk imekaa asilimia 100 kwa dakika nyingi, huenda una diski ya zamani ya kuzunguka, ile ya HDD. Ingia sehemu ya Performance, ubofye Disk. Kwenye Windows 10 mpya na Windows 11 utaona kama ni HDD au SSD. Ukiona CPU iko juu muda wote bila wewe kufanya kitu, soma jina la programu iliyo juu ya orodha. Inaweza kuwa masasisho yanaendelea, na inaweza pia kuwa kirusi.

Andika majibu haya kwenye karatasi. Yatakufaa ukifika kwa fundi.

4. Punguza programu zinazoamka na mashine

Kwenye Task Manager hiyohiyo kuna sehemu ya Startup. Hapo utakuta orodha ya programu zinazojiwasha kila unapowasha laptopu: za muziki, za mikutano, za printa uliyouza zamani. Bofya ile usiyoihitaji, kisha Disable. Hujaifuta, bado utaifungua ukiitaka. Acha zile za kukinga virusi, na kama hujui programu fulani ni ya nini, iache kwanza.

5. Safisha diski, lakini chunga stetimenti zako

Diski ikijaa kabisa, Windows hukosa nafasi ya kufanyia kazi. Jitahidi kubakisha angalau asilimia 10 hadi 20 ikiwa wazi. Ingia Settings, kisha System, kisha Storage, kisha Temporary files.

Hapo simama kidogo. Kwenye orodha hiyo kuna Downloads. Ukiiwekea alama, utafuta kila kitu ulichowahi kupakua, zikiwemo stetimenti na risiti zako. Hakikisha haina alama, kisha futa hayo mengine. Baadaye ingia folda ya Downloads mwenyewe, uhamishe hati muhimu kwenye flashi, ndipo ufute video na faili kubwa zisizo na kazi.

6. Angalia kivinjari

Kurasa 30 zilizofunguliwa kwa pamoja zinatosha kuchosha laptopu yenye RAM ya 4GB. Funga usizosoma. Kisha fungua orodha ya viendelezi, yaani viprogramu vidogo vilivyoongezwa kwenye kivinjari, na uondoe usivyovitambua. Vingine huweza kusoma kila ukurasa unaofungua, hata ule unaoandikia neno lako la siri. Kwa hivyo hapa unapata kasi na usalama kwa mpigo mmoja.

7. Joto, vumbi na wadudu wa ziwa

Laptopu ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ukiiweka juu ya godoro au blanketi, unaziba matundu ya hewa. Iweke mezani. Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wanajua vile wadudu wa ziwa hujaa kwenye mwanga usiku. Feni ya laptopu inaweza kuwavuta ndani pamoja na vumbi. Ukisikia feni ikinguruma muda wote na hewa inayotoka ni kidogo, inahitaji kusafishwa.

Na kama unachaji kwa sola na umeweka mashine kwenye hali ya kubana betri, polepole hiyo umeichagua mwenyewe. Ikiwa kwenye chaja, rudisha Power mode iwe ya kawaida.

8. Tafuta virusi kwa kinga uliyonayo tayari

Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender bila malipo. Fungua Windows Security, chagua Virus & threat protection, kisha Scan options, kisha Full scan. Itachukua muda, kwa hivyo iwashe jioni ukiwa kwenye chaja. Usiweke programu mbili za kukinga virusi zifanye kazi kwa pamoja. Zitagombana na mashine itazidi kuwa nzito.

Sasa ndipo tuongee kuhusu kulipa

Ukifanya hayo yote na bado mashine inahema, basi kuna matumizi mawili ambayo kwa kawaida huleta tofauti unayoweza kuiona.

La kwanza ni kubadilisha HDD kuwa SSD. HDD ina sahani inayozunguka na kichwa kinachotafuta data huku na kule. SSD haina kitu kinachosogea, kwa hivyo hutoa data papo hapo. Kwa laptopu kuukuu, hiyo ndiyo tiba kubwa kuliko zote. La pili ni kuongeza RAM, hasa kama una 4GB. Lakini uliza kwanza: kwenye laptopu fulani RAM imegandishwa kwenye bodi na haiongezeki.

Kabla ya kununua kifaa chochote, angalia umri wa mfumo. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji angalau RAM ya 4GB, nafasi ya 64GB na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Laptopu nyingi za mitumba haziifikii. Kama yako ni hivyo, muulize fundi kuhusu Linux Mint, mfumo wa bure ambao mashine nyingi kuukuu huubeba bila shida. Windows 7, ambayo iliachwa tangu Januari 2020, usiitumie kabisa kwa mambo ya pesa.

Kwa wafanyabiashara wa omena, msimu wa kufungwa kwa uvuvi wake, ambao kwa kawaida huwa Aprili hadi Julai, ni wakati mzuri wa kupeleka mashine. Usingoje wiki ambayo kila mvuvi anakudai. Na usingoje tarehe 29 Juni.

Mahali pesa hupotelea

Mashine nzito hufungua mianya minne. Ijue.

Kulipa mara mbili. Umebofya "Lipa", ukurasa umeganda. Usibofye tena. Subiri, kisha angalia SMS ya uthibitisho na historia ya miamala kwenye simu yako. Kama pesa hazijatoka, ndipo ujaribu upya.

Ujumbe wa kutisha. Unaona skrini nzima ikisema laptopu yako ina virusi, upige namba fulani sasa hivi. Huo ni uongo. Funga kivinjari, kikikataa, kifunge kupitia Task Manager.

Fundi wa mbali usiyemjua. Mtu anakupigia, anajitolea kuharakisha laptopu yako, na anakuomba uweke programu ya kumruhusu aione skrini. Ukikubali, ataona kila unachokiona na anaweza kubofya kwa niaba yako. Kata simu. Sisi hatutakupigia kukuuliza PIN, na hatuhitaji kuingia kwenye laptopu yako kutatua shida ya malipo.

Programu za wizi. Zile za "kufungulia" Windows au Office bila leseni hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Mtu anayekwambia uondoe kufuli mlangoni, unajua anachotaka.

Ukimpelekea fundi

Weka nakala ya faili zako kwenye flashi na uiache nyumbani. Toka kwenye akaunti zako za barua pepe na za malipo, na ufute maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Kama wewe ni wakala, kumbuka kwamba majina na namba za wateja wako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ziondoe kwenye mashine kabla ya kuikabidhi.

Mwonyeshe fundi ile karatasi ya hatua ya 3. Ukimwambia "Disk inakaa asilimia 100 na ni HDD", mtaanza mazungumzo kwenye shida yenyewe, na itakuwa vigumu kukuuzia usichohitaji. Kubalianeni bei kabla hajafungua skrubu. Diski ikibadilishwa, dai ile ya zamani, maana kumbukumbu zako bado zimo ndani. Washa mashine mbele yake, fungua Task Manager, uone SSD imeandikwa pale.

Hapo ndipo ulipe. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN, na usifute ile SMS. Kifaa kikikufa baada ya wiki mbili, ndiyo ushahidi wako kwamba ulilipa, ulimlipa nani na siku gani.