Andika Msimbo Wenzako Wausome

Programu ya kompyuta ni kazi ya wengi. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Ory Okolloh, David Kobia na wenzao waliunda Ushahidi, programu ya kuonyesha habari za fujo kwenye ramani. Msimbo wake uliachwa wazi; mwaka 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko.

Sasa twajifunza nini? Ukihesabu samaki wa Takaungu, usiandike "x", andika "kilo_za_samaki". Kila kipande kifanye kazi moja. Palipo na fumbo, eleza sababu yake. Kisha mpe mwenzako asome, akikwama, rekebisha. Sisi kidato cha tatu tu karibu kuondoka. Tukiacha mafumbo, wadogo zetu wataanza upya.