Draiva ya Hifadhidata: Ije na Lugha, au Tuifuate Nje?



Ndugu wasomaji, wengi wetu tunaosoma kompyuta hapa Arua tumezoea kuunganisha programu na hifadhidata kwa njia moja. Unaandika amri ya kuleta draiva kutoka intaneti, unasubiri kidogo, kazi inaendelea. Kwa nini draiva hiyo haikuja pamoja na lugha yenyewe, katika maktaba yake sanifu? Darasani hatuulizi. Mimi nilianza kuuliza nikiwa Koboko, tarehe 28 Ramadhani, wakati hakuna aliyejua kama imebaki siku moja au mbili.

Tulikuwa tumetengeneza programu ya kuandikisha familia zinazostahili zakatul-fitri. Majina yalikuwa yakiandikwa kwenye madaftari matatu, familia moja inapata mara mbili na jirani yake anakosa. Na zaka hii lazima imfikie mwenye haki yake kabla ya swala ya Idi, kwa hiyo hakuna nafasi ya kusema tutarekebisha wiki ijayo. Programu ilikuwa ya Python. Data ilikaa katika PostgreSQL kwenye laptopu yetu, na kompyuta mbili za ofisi ya msikiti zilikuwa za kuandikishia. Zote mbili zilikuwa na Python, lakini hazikuwa na draiva ya PostgreSQL. Intaneti ilikatikakatika mpaka bando likaisha, draiva ikiwa nusu njiani. Kunakili ile ya kwenye laptopu hakukusaidia: yetu ni Linux, zao ni Windows, na psycopg2 tuliyoitumia ina sehemu iliyoandikwa kwa lugha ya C, ambayo hutayarishwa kwa kila mfumo peke yake.

Kilichotuokoa ni SQLite. Tangu Python 2.5 ya mwaka 2006, draiva yake imo ndani ya maktaba sanifu kwa jina la sqlite3. Haihitaji seva, hifadhidata nzima ni faili moja. Baada ya tarawehe tukakaa kubadilisha programu.

Tulidhani ni kazi ya nusu saa, maana Python ina makubaliano yanayoitwa DB-API 2.0, ya mwaka 1999, yanayotaka draiva zote zitumie amri zenye majina yaleyale: connect, cursor, execute, commit. Majina kweli yalikuwa yaleyale. Lakini makubaliano hayo yanaruhusu mitindo mitano ya kuonyesha mahali thamani inapoingia katika swali la SQL. Psycopg2 hutumia %s, sqlite3 hutumia alama ya kuuliza. Tukapitia mistari yote mmoja mmoja. Kisha namba za familia zikatoka tupu. Jedwali letu lilikuwa na safu ya namba ya aina ya SERIAL, ambayo PostgreSQL huijaza yenyewe. SQLite hulipokea neno hilo bila kulalamika, haijazi chochote, wala haitoi kosa. Inataka uandike INTEGER PRIMARY KEY. Tuligundua kwa sababu tu kadi ya kwanza ilichapishwa bila namba.

Basi usiku ule nilikuwa tayari kusema draiva zote ziingizwe ndani ya lugha, yaishe. Nilipopoa nikaona mambo mawili.

Draiva ni mkalimani kati ya programu na seva, na seva haisubiri lugha. MySQL 8.0 ilipotoka mwaka 2018 ilibadilisha njia ya kawaida ya kuthibitisha nenosiri, na draiva za zamani zikagonga mwamba. Draiva iliyo nje hutengenezwa upya na kutolewa siku yoyote. Iliyo ndani ya maktaba sanifu kwa kawaida husubiri toleo la lugha nzima, na kompyuta ya ofisi yenye Python ya miaka minne iliyopita hailioni toleo hilo.

La pili ni PHP. Amri zake za mysql_query na wenzake zilikuja na lugha, kwa hiyo ndizo zilizoingia katika vitabu na mihadhara. Hazikuwa na njia ya kutenganisha swali na thamani, na mifano mingi ya wanafunzi ikawa mlango wa wadukuzi. Ziliondolewa katika PHP 7.0 mwaka 2015, lakini vitabu vya zamani bado vinazunguka mikononi. Kitu kikishaingia ndani, kukitoa ni kazi ya miaka.

Kwa hiyo naona Java na Go zimegawanya vizuri. Java tangu JDK 1.1 ya mwaka 1997, na Go tangu toleo la 1 la mwaka 2012, zinaweka makubaliano ndani ya maktaba sanifu na kuziacha draiva nje. Python nayo ina makubaliano, ingawa hayamo ndani ya maktaba sanifu, ikaziacha draiva nje na kuongeza SQLite, nami naiunga mkono kwa nyongeza hiyo: haina seva ya kukimbizana nayo, na inampa mtu aliye mbali na mtandao mahali pa kuanzia. Lakini draiva ikiwa nje, gharama ya kuifuata haimwangukii kila mtu sawasawa. Mwenzetu wa Kampala hata haioni. Wa Koboko anailipa kwa bando, au kwa safari ya kurudi Arua.

Inawezekana kuilipa mapema. Ukiwa chuoni kwenye mtandao, andika:

pip download psycopg2-binary --only-binary=:all: --platform win_amd64 --python-version 3.11 -d mzigo

Badilisha 3.11 iwe toleo la Python lililoko unakokwenda. Uliza kwanza kwa simu. Folda ya mzigo itie kwenye flashi. Ukifika:

pip install --no-index --find-links mzigo psycopg2-binary

Hapo intaneti haihitajiki. Wanaotumia Go wana go mod vendor, inayonakili draiva ndani ya mradi wenyewe.

Na faili ya SQLite, ndugu zangu, haina nenosiri. Anayeinakili ana majina ya wahitaji wote wa mtaa. Yetu tuliifuta kwenye kompyuta ya ofisi baada ya ugawaji, nakala moja akabaki nayo imamu.

Tulimaliza kuandikisha usiku wa kuamkia Idi, kwa foleni moja. Kompyuta ya pili ilibaki imezimwa, maana faili ya SQLite si salama kuandikiwa na mashine mbili kupitia mtandao. Ramadhani ijayo tunarudi na PostgreSQL, na folda ya mzigo tumekwisha kuijaribu kwenye Windows, Wi-Fi ikiwa imezimwa.